Rangi Nne na Ng'ombe Aliyeitwa Pamba

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa stoo. Pamoja nao nilirudisha brashi kumi na moja, nusu karatasi ya msasa, na makopo mawili ya rangi nyeusi ambayo yalikauka zamani mpaka yanalia kama ngoma ukiyagonga. Mtunza stoo aliyapokea, akayaandika kitabuni, akanipa karatasi nitie saini. Nikatia. Kazi ikaisha.

Vijana mliobaki idarani mliniomba niwaandikie jinsi darasa la uchoraji la watu wazima lilivyoanza, kwa sababu ninyi mmelikuta na rangi kumi na mbili, na bado mnalalamika kwamba zambarau imepungua. Mmoja wenu aliniuliza pia kwa nini nikiwa darasani natembea mikono nyuma kama mkaguzi. Nimekubali kuandika, ila mnivumilie. Shule niliishia darasa la nne, na maisha yangu yote herufi nimezichora zaidi ya kuziandika, kwa hiyo ukurasa mmoja unanichukua siku nzima. Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye faili. Nitaandika yale ambayo hayamo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta. Ilikuwa muda mfupi baada ya Uhuru, na pale Musoma milango mingi ya ofisi ilikuwa bado na vibao vya Kiingereza. Vyote vilitakiwa vibadilishwe. Aliyepewa kazi hiyo ni Fundi Okelo, Mjaluo mrefu aliyekaa mtaa wa Kitaji, ambaye ndiye aliyeviandika vile vya zamani pia. Nilisikia anatafuta msaidizi. Nilikuwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nilikizunguka kibanda chake mara tatu nisiweze kubisha hodi. Mara ya nne alitoka mwenyewe.

"Wewe unataka kununua kibanda au unatafuta kazi?"

"Kazi," nikasema.

"Basi shika msasa."

Nilisugua vibao wiki mbili. Nilisugua majina ya vyeo ambavyo sikujua kuvisoma, na Fundi Okelo akawa anakuja nyuma yangu anaandika vipya kwa Kiswahili. Hakuwahi kunieleza jambo mara mbili. Alikuwa na makopo manne tu: nyeupe, nyeusi, manjano, na ile nyekundu ya kupakia mabati. Bluu hakuwa nayo. Alisema bluu ni ghali, inatoka mbali, na jua la Musoma linaila kabla mwenye duka hajamaliza kukulipa.

"Nne zinatosha," alisema, "kama macho yako si mavivu."

Nawaandikia aliyonifundisha kwa sababu rangi zitakuja kuwaishia tu, siku moja. Manjano ukiigusia nyeusi kidogo unapata kijani, kijani cha majani ya mhogo, si cha kasuku. Ila utie manjano kwanza, na nyeusi uichukue kwa ncha ya kijiti, kwa sababu nyeusi ni mgeni asiyejua kuondoka. Nyekundu na manjano zinakupa chungwa. Nyekundu na nyeusi ni udongo wa mvuani. Nyeupe na nyeusi ni kijivu, na kijivu hicho ukikiweka jirani na nyekundu, macho yatakuambia ni bluu. Yatakudanganya, nawe uyaache yadanganye. Jambo la mwisho alilisisitiza kwa kunipiga kibao cha mgongo: chokaa ya kupakia ukuta usiitie kamwe juu ya rangi ya mafuta. Itakaa pale kama inakupenda, lakini haishiki. Kitambaa chenye maji kikipita, inaondoka nacho.

Baadaye idara ya elimu ya watu wazima ilitaka mtu wa kufundisha kuchora. Madarasa ya kusoma na kuandika yalikuwa yanafunguliwa kila mahali, na kila mahali palitakiwa mtu wa kuchora picha ya jembe juu ya neno jembe. Walimfuata Fundi Okelo. Akasema, "Mimi nachora, sifundishi. Mchukueni huyu. Hana maneno, hatawachosha."

Basi nikawa mwalimu.

Siku ya kwanza, katika ukumbi mmoja pale Musoma, walikuja watu tisa, wote wakubwa kwangu. Nilisimama mbele yao. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuanzia njia nzima kutoka Kitaji, lakini nilipofungua mdomo hayakuwemo. Nikageuka. Nikawapa mgongo, nikachukua brashi, nikaanza kuchora samaki kwenye ubao niliouegemeza ukutani. Nilichora furu, kwa kuwa ni mfupi na anaisha haraka. Nilipomaliza nikasikia mikwaruzo nyuma yangu. Nilipogeuka, wote tisa walikuwa wanachora furu.

Mkaguzi aliyekuja mwezi uliofuata aliandika kwamba mwalimu ana mbinu nzuri ya kufundisha kwa vitendo. Sikumrekebisha.

Katika hao tisa alikuwemo muuza samaki aitwaye Nyangeta, mama mwenye sauti ya kuvuka ziwa. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo la kwanza kubwa, ingawa halikukaa kichwani mwangu kama lilivyotakiwa, kama mtakavyoona. Alitaka kuchora ziwa. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ziwa halitawezekana, hatuna bluu.

"Mwalimu," akasema, "wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na ziwa umewahi kuliangalia? Maana mimi nakuwaga pale tangu alfajiri, na bluu naionaga mara chache kuliko ninavyomwona mume wangu. Asubuhi ni kama maji ya kuoshea mchele. Mvua ikija ni kama sufuria. Nipe kijivu."

Watu wakacheka. Nikampa kijivu. Akachora ziwa la asubuhi, na mtumbwi mwekundu juu yake, na pembeni mwa ule mtumbwi maji yakawa bluu yenyewe bila kuombwa. Nilikwenda kulitazama ziwa jioni ile. Mama yule alikuwa sahihi.

Baada ya miaka michache walinipeleka Bunda. Huko nilipewa kona ya ghala la pamba, na wanafunzi wangu walikuwa wakulima, wanakuja baada ya palizi na udongo bado miguuni. Wengine walikuwa Wakristo, wengine wa dini za wazee wao, na Jumatano, siku ya darasa, kwenye kona yetu hapakuwa na tofauti: wote walitaka rangi nyekundu kwa pamoja.

Huko Bunda ndiko nilikofanya kosa linalochekesha. Rangi za makopo zilichelewa kufika, nami nikajiona mjanja. Nikachukua udongo mwekundu na udongo wa manjano kutoka Kiabakari, kule kwenye machimbo ya zamani, nikausaga, nikauchuja kwa kitambaa. Ulitoka laini kama unga. Kilichobaki ni mafuta ya kuchanganyia. Kwa kuwa tulikuwa Bunda, tulichanganya na mafuta ya mbegu za pamba. Nani Bunda angefikiria mafuta mengine? Wanafunzi walichora vizuri sana. Tukaziweka picha zikauke. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Inzi walizipenda, wakatua, wakabaki. Mzee mmoja alichora shamba lake, na mwisho wa msimu shamba lile lilikuwa na inzi wengi kuliko miche. Mafuta yale hayakauki, vijana. Nadhani picha zile hazijakauka hadi leo.

Sasa nifike Butiama, kwa sababu ndiko ninakotaka kufika.

Upande wa Butiama, ukitokea barabara ya Kiabakari, watu walikuwa bado wanaishi mji mmoja mmoja, kila mtu na boma lake na mawe yake. Nilikuwa nakwenda kwa baiskeli, makopo manne yamefungwa nyuma, na mbao za masanduku ya chai, za kuchorea, zimefungwa juu ya makopo. Brashi za dukani zilikuwa tatu tu. Nyingine tulizitengeneza kwa singa za mkia wa ng'ombe, na nawaambia kweli, brashi ya mkia wa ndama ni nzuri kuliko hizi mnazoletewa.

Somo la kwanza niliwaambia wachore ng'ombe. Mzee Wambura akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi na mizaha mingi zaidi.

"Ng'ombe gani?" akauliza.

"Ng'ombe tu, mzee."

"Mwalimu, hakuna ng'ombe tu. Kuna ng'ombe wa mtu."

Wote wakatikisa kichwa, kwamba amesema kweli. Basi kila mmoja akachora wa kwake. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikuliona Musoma wala Bunda. Watu hawa, ambao hawakuwahi kushika brashi, walichanganya rangi kunishinda. Wangekaa saa nzima wakibishana kama wekundu wa ng'ombe fulani una manjano ndani yake au una moshi. Hakuna aliyeulizia bluu. Mungu alipoumba ng'ombe alikuwa na makopo yale yale manne.

Aliyekaa nyuma kabisa alikuwa mjane aitwaye Mama Magori. Alikuwa na wajukuu watatu na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mumewe alimnunua ng'ombe yule mwaka ambao pamba ilikubali, ndiyo maana wakamwita Pamba, na kweli alikuwa mweupe, isipokuwa doa moja jekundu kwenye nyonga ya kushoto. Mama Magori hakuongea sana. Tulielewana kwa hilo. Alimchora Pamba kwa majuma sita, anakuja anapaka kidogo, anafumba macho, anapaka tena. Nilipomuuliza kwa nini anafumba macho, alisema, "Namwangalia."

Alipomaliza, picha ilikauka vizuri, kwa kuwa rangi zilikuwa za kopo. Halafu tukapata habari kwamba mkaguzi anakuja kutazama kazi za darasa. Nikapanga picha zote ukutani. Nilipofika kwenye ya Mama Magori niliona kasoro. Lile doa jekundu halikuishia nyongani. Kutoka chini yake uliteremka mchirizi mwembamba, umepinda, mpaka karibu na goti la mguu wa nyuma. Nikasema moyoni, rangi imetiririka, mama wa watu hakuona. Kazi nzuri namna hii isije ikaharibiwa na mchirizi.

Nyeupe ya kopo ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na ndoo ya chokaa, mabaki ya kupakia ukuta. Maneno ya Fundi Okelo niliyakumbuka, mgongo wenyewe ulikumbuka. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Nikachukua chokaa nzito, nikaufunika mchirizi wote, mguu ukawa mweupe pe. Mkaguzi alikuja, akaisifu picha ile kuliko zote. Mama Magori alisimama mbele ya picha yake, akautazama ule mguu, akanitazama mimi. Akasema, "Ahsante, mwalimu." Akaifunga picha kwenye kanga, akaenda nayo.

Mwaka uliofuata watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Mengine ya wakati ule wameyaandika wenye elimu. Mimi nasema niliyoyaona. Vitu vilipakiwa kwenye malori, na mifugo ikaswagwa kwa miguu. Mama Magori alikwenda na wajukuu na vyungu vyake ndani ya lori, Pamba akakabidhiwa kwa wachungaji pamoja na ng'ombe wa wengine. Kwenye kijito kundi moja likaingiliana na jingine. Walipofika kijiji kipya na kila mtu akachukua wake, Pamba hakuwepo mahali pa Mama Magori. Alionekana siku ya tatu, ndani ya zizi la Mzee Wambura.

Sitaki mumfikirie vibaya Mzee Wambura. Kwa watu wa kule, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Huwapeleka wengine kwa marafiki, wanalishwa huko, wanazaliana huko, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize wote. Rafiki yake mmoja, kule karibu na Bunda, alikuwa amefariki, na ng'ombe waliokuwa kwake walirudishwa wakati ule ule wa kuhama. Wengine Mzee Wambura hakuwahi kuwaona tangu wazaliwe. Alichoambiwa ni kwamba kati yao yumo jike mweupe mwenye doa jekundu. Na hapa jike mweupe mwenye doa jekundu alikuwa zizini mwake.

Alama za masikio hazikusaidia, maana Mzee Wambura na marehemu mume wa Mama Magori walikuwa ukoo mmoja, na ukoo mmoja hukata masikio namna moja. Majirani wa zamani wa Mama Magori walikuwa wamepelekwa kijiji kingine, mwendo wa siku nzima. Mzee Wambura mwenyewe zamani alikaa mbali na boma lake, Pamba alimjua kwa picha tu, ile ya siku ya mkaguzi. Alipomwita ng'ombe wake kwa jina, ng'ombe akaja. Mzee Wambura akasema ng'ombe yeyote humfuata mwanamke mwenye chumvi mkononi. Na kweli alikuwa na chumvi.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha watu kwenye darasa jipya la shule, ambalo lilikuwa na kuta bila paa. Mimi nilikuwepo kwa bahati. Nilikuwa nje naandika kibao cha jina la kijiji, nimefika herufi ya tatu. Nikasikia Mama Magori anasema ana ushahidi. Nikaingia, nikasimama nyuma na kopo langu.

Alifungua kanga, akatoa picha. Watu wakasogea. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa pale mlangoni, na mwenyekiti, mtu makini, akachukua picha akaenda nayo mpaka ubavuni mwa ng'ombe. Akatazama picha. Akatazama ng'ombe. Mimi pia nikatazama.

Kwenye nyonga ya Pamba palikuwa na doa jekundu, na chini yake mchirizi mwembamba, umepinda, umeteremka mpaka karibu na goti. Ulikuwa kama uji uliofurika chunguni.

"Mama Magori," mwenyekiti akasema, "picha hii umeichora wewe?"

"Nimeichora mimi."

"Kwenye picha doa linaishia hapa juu. Ng'ombe huyu doa lake linateremka mguuni. Mbona hili la mguuni hukulichora?"

Mama Magori aliinua uso. Macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu, yakafika kwangu nyuma, hayakukaa. Wajukuu wake watatu walikuwa wamekaa miguuni pake, na mdogo wao alikuwa ameshika kikombe chake cha maziwa, cha bati, kitupu, amezoea tu kukishika.

"Labda nilisahau," akasema. "Mtu anasahauga."

Watu wakaguna. Mzee Wambura akasimama. Hakuwa na furaha.

"Ndugu mwenyekiti, mimi sitaki ng'ombe wa mjane. Nataka wangu. Kama ni wake nionyeshwe, hata sasa hivi nitamfungua kamba mwenyewe. Lakini picha yake mwenyewe inasema siye."

"Basi picha imesema," mwenyekiti akasema.

Nilijua alichofanya yule mama. Alikuwa anamwachia ng'ombe aende ili mwalimu wake asiaibike mbele ya watu. Angeweza kutaja neno moja tu, kwamba mwalimu ndiye aliyegusa, na hakulitaja.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka nilikuwa bado nimeshika kopo. Watu wote wa kijiji kile kipya walikuwa wananitazama, na nilifungua mdomo, na ikawa kama siku ile ya kwanza Musoma.

"Ndugu mwalimu, una neno?" mwenyekiti akauliza.

"Sina neno," nikasema. "Nina kitambaa."

Watu wakacheka. Nikafanya jambo pekee nililolijua. Niligeuka, nikawapa mgongo, nikaiegemeza picha kwenye ukuta ule mpya, nikachovya kitambaa kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Nikapitisha kwenye mguu wa Pamba, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Chokaa ikalainika, ikatoka kama maziwa, ikadondoka sakafuni. Nilipitisha tena. Mchirizi mwekundu ukaonekana, kwanza kwenye paja, halafu pale unapopinda, halafu hadi karibu na goti.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikasema nikiuelekea ukuta:

"Mama alichora sawasawa. Mimi nilidhani rangi imetiririka. Nikafunika kwa chokaa ili mkaguzi asione. Sikumwuliza. Kosa ni langu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Wambura. Alisogeza uso kwenye picha mpaka pua ikakaribia kugusa, akaenda kwa ng'ombe, akafuata mchirizi kwa kidole, akarudi kwenye picha akafuata kwa kidole kile kile. Alifanya hivyo mara mbili. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu! Ulimnyoa ng'ombe wa watu?"

Darasa zima lisilo na paa likapasuka kwa kicheko, na mimi ndani yake. Mzee Wambura alikwenda mlangoni, akafungua kamba, akamwekea Mama Magori mkononi. "Mchukue, shemeji. Na wewe siku nyingine usimfichie mtu kosa lake kwa ng'ombe wangu." Mama Magori akamjibu kwamba hata sasa si wake, na kicheko kikaanza upya. Jike wa Mzee Wambura alipatikana baada ya wiki mbili kwenye kijiji cha jirani. Doa lake lilikuwa begani, duara kama sahani, wala hafanani na Pamba hata kidogo.

Darasa lilijaa baada ya hapo. Kila mwenye ng'ombe alitaka amchore kabla hajapotea. Nilikuwa nimeagizwa tuchore shamba la pamoja na watu wakilima, na tulichora, ila pembeni mwa kila shamba lile kulikuwa na ng'ombe fulani wa mtu fulani, na madoa yake yote mahali pake. Nyeupe ilikuwa inaisha kila mara. Chokaa sikuigusa.

Jioni ya siku ile ya kesi nilimfuata Mama Magori nyumbani kwake. Alikuwa anakamua, na yule mjukuu mdogo alikuwa amechuchumaa karibu, kikombe chake mkononi. Picha ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Kitambaa changu kilikuwa kimeacha ukungu mweupe kwenye mguu wote, rangi imechafuka.

"Mama," nikasema, "ungeniambia siku ile ningeiondoa chokaa palepale."

"Nilikuwaga nakuona unavyotetemeka ukitaka kusema neno moja, mwanangu. Nikuongezee na la kujibu?"

Nilichuchumaa mbele ya picha. Halafu nikamwonyesha ule ukungu. Nikasema nina nyeupe ya kopo kwenye baiskeli, nyeupe halisi, nitausafisha mguu mara moja tu. Na kweli brashi ilikuwa tayari mkononi.

Hakuacha kukamua. "Huo mguu una vumbi," akasema. "Ametembea kutoka kule mpaka hapa. Acha."

Nikaacha. Nikaipeleka brashi nyuma ya mgongo, nikaishikilia huko kwa mikono yote miwili, tukanywa maziwa.

Ninyi mnaopita kati ya wanafunzi na brashi zimechovywa tayari, mkiona mstari uliopinda mnaunyoosha hapo hapo, siwalaumu. Macho yenu ni mazuri kuliko yangu. Mwulizeni kwanza aliyechora. Na kuhusu mikono yangu, wengine mlidhani ni kiburi, wengine mlidhani ni kiuno. Brashi ilikuwepo siku zote, nyuma ya mgongo, ili iwe na safari ndefu kabla haijafika kwenye picha ya mtu.